Homa Ambayo Hatukuambiwa

Kifua changu hakijawahi kuwa kizuri. Kadiri umri unavyokwenda, mafua ambayo wenzangu hupiga chafya nayo wakaendelea na kazi, mimi hunilaza kitandani nikihema kama niliyepanda mlima. Ndiyo maana daktari alinishauri nichomwe chanjo ya mafua makali kabla baridi na upepo havijaanza. Nilikwenda. Muuguzi niliyemkuta alikuwa binti mdogo, wa umri wa mwanangu wa kwanza. Aliniuliza kama kuna dawa inayonidhuru, kama siku hiyo nina homa, kama niliwahi kuchanjwa nikapata shida. Kisha akanieleza taratibu, bila kuangalia mlangoni wala saa. Mkono utauma kesho. Huenda mwili ukachoka, huenda ukachemka kidogo, lakini hayo siyo mafua, ni mwili unajifunza, na chanjo yenyewe haiwezi kukutia mafua. Nguvu yake haiji leo, inahitaji kama wiki mbili. Haizuii kila kikohozi, ila yale mafua ya kukupeleka wodini yatakuwa na kazi ya kukupata. Na mwakani urudi, kwa sababu mafua hubadilika.

Akanifuta begani kwa pamba yenye spiriti, akauliza, "Una swali lolote, mama?"

Nilitikisa kichwa kwamba sina, akanichoma. Harufu ya spiriti ilikuwa imenipanda mpaka nyuma ya macho, lakini haikuwa harufu peke yake. Ni lile swali. Nilikaa kwenye benchi alikoniambia nisubiri kidogo kabla ya kuondoka, machozi yakanitoka, na mzee mmoja aliyekaa pembeni yangu akanipa pole akidhani naogopa sindano.

Nilipokuwa mtoto tulikuwa tunaishi Nkuhungu, enzi ambazo Nkuhungu ilikuwa shamba zaidi kuliko mji. Kati ya nyumba na nyumba palikuwa na mabua ya mtama, na kiangazi kikiingia upepo uliokota vumbi ukalileta ndani, likakaa kwenye vyombo, kwenye blanketi, kwenye ugali. Tulikula vumbi bila kulisema. Baba alikuwa fundi wa magari katika shirika moja la umma. Ndiyo ilikuwa miaka ile maduka ya mjini yameanza kujaa. Watoto wa umri wangu tulikua tukisikia habari za foleni za sabuni na sukari, na sasa sabuni ilikuwepo ya kila rangi, mitumba inamwagwa chini sokoni watu wanachagua, na redio za kaseti zinalia kwenye vibanda. Mwezi ambao nilikula mkate wa siagi kwa mara ya kwanza ndio mwezi ambao Baba aliambiwa shirika linapunguza wafanyakazi. Akakaa nyumbani muda, akitengeneza baiskeli za majirani, kisha akafunga nguo zake kwenye mfuko wa salfeti akaenda machimbo ya Mererani kutafuta mawe ya thamani. Alisema atarudi mvua zikianza. Mvua zilianza.

Nyumbani tukabaki wanne. Mama, ambaye alikuwa anauza mlenda mkavu na karanga sokoni. Bibi, mama yake Baba, aliyekuja kutoka kijijini upande wa Msalato kumsaidia Mama kulea. Mimi, Seche, niliyekuwa darasa la kwanza. Na mdogo wangu Ndahani, aliyekuwa bado hajatimiza miaka mitatu, mtoto mwenye kichwa kikubwa na vicheko vingi, ambaye alinifuata kila nilikokwenda, mpaka chooni.

Siku moja lilipita gari lenye kipaza sauti. Lilikwenda polepole kwa sababu ya makorongo, na nyuma yake tulikimbia watoto wa mtaa mzima. Sauti ilikuwa inasema wazazi wawalete watoto wote zahanati wakachanjwe surua. Wenzangu walishangilia gari tu. Mimi nilisimama. Kwetu kuchanja ilikuwa kazi ya shoka: Mama alichanja kuni kila asubuhi, na gogo lililokataa alilipigia kabari. Tena nilikuwa nimeona mgongo wa Bibi wakati anaoga, una alama ndogo nyeusi mstari hadi mstari, na alikuwa ameniambia kwamba alichanjwa kwa wembe akiwa msichana, akapakwa dawa, maumivu ya mbavu yakaisha. Kwa hiyo nilijua kuna namna mbili za kuchanjwa, kwa shoka na kwa wembe, na nikarudi nyumbani nikajificha nyuma ya pipa la maji.

Mama alinitoa pale kwa kunihakikishia kwamba ni sindano tu. Alitaka kutupeleka sote wawili. Asubuhi ile, hata hivyo, Ndahani aliamka anatoka mafua mepesi, puani kunang'aa, lakini anacheza na kula kama kawaida. Bibi alimwangalia akasema mtoto anayeumwa hachomwi sindano juu ya ugonjwa, magonjwa mawili yatagombana ndani yake. Mama alisita. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba mafua madogo ya namna ile hayamzuii mtoto kuchanjwa. Akaona maneno ya Bibi yana akili, akamwacha nyumbani, akisema atampeleka akipona.

Zahanati ilikuwa imejaa akina mama mpaka nje. Nesi aliyekuwa anachoma aliitwa Nesi Felista, mwanamke mnene kidogo, mwenye sauti ya ukali ambayo nadhani ilikuwa ni uchovu. Alikuwa na kiboksi cha barafu pembeni, na kila alipokifungua akina mama walinyoosha shingo kutazama kilichomo. Foleni ilisukumana. Alinishika mkono, akanifuta, ile harufu kali ikaniingia, akanichoma, akasema, "Anayefuata." Hilo ndilo neno pekee alilotuambia. Mama alisimama kidogo kama anayetaka kuuliza kitu, labda kuhusu Ndahani, lakini mwanamke wa nyuma alikwisha kumkalisha mwanawe mahali pangu. Tukaondoka. Mkono uliuma siku ile na kesho yake, kisha ukaacha, na mimi nikawatambia wenzangu wa mtaani kwamba sikulia, jambo ambalo halikuwa kweli.

Kama wiki moja baadaye niliamka mwili unawaka. Kichwa kiliniuma, macho yakawa mekundu, na kesho yake vikanitoka vipele vichache kifuani na shingoni. Kwa mtu anayejua, hayo yalikuwa mambo madogo: wapo watoto ambao chanjo ya surua huwachemsha kidogo baada ya siku kadhaa, wakatoka vipele, na vyote vikaisha vyenyewe. Mama hakujua. Bibi alivua khanga yake begani, akaniinua kidevu kuelekea mlangoni penye mwanga, akatazama vile vipele kwa muda mrefu. Alikuwa amezika watoto wake wawili kwa surua. Alivijua vipele vya surua kuliko mtu yeyote mtaani kwetu.

Akamwambia Mama kwa sauti ndogo, "Wamemtia surua. Alikuwa mzima, wamemtia wenyewe."

Nilisikia. Walidhani nimelala.

Mama hakukubali moja kwa moja, na hilo nalisema kwa ajili yake, kwa sababu hakuwa mtu wa kupokea kila neno. Alijifunga khanga akaenda zahanati kuuliza. Akakuta mlango umefungwa, mlinzi akamwambia Nesi amekwenda vijijini na gari la chanjo, hajui atarudi lini. Alikwenda tena siku nyingine, akamkuta mhudumu wa usafi, ambaye alimwambia amlete mtoto aonwe kama anaumwa. Lakini wakati huo nilikuwa nimeshapona, nakimbia uani. Basi akarudi na swali lake bila jibu. Jioni alikaa mlangoni akipembua karanga, na Bibi akamweleza tena, safari hii kwa upole, kwamba Mungu ametusaidia mmoja amepona, tusimjaribu kwa wa pili. Baba hakuwepo wa kuulizwa. Mafua ya Ndahani yalikuwa yameisha siku nyingi. Siku ya kliniki ilifika, Mama akaenda sokoni.

Katika kichwa changu mambo yalikuwa yamejipanga kivyake. Surua ilikuwa imetiwa mkononi kwangu. Homa ilipoisha, sikuona kitu chochote kikitoka, kwa hiyo ilikuwa bado imo. Niliushika mkono wangu wa kushoto nikahisi pale nilipochomwa pana kijiuvimbe, na nikaamini kwamba ndipo ilipojikunja imelala. Sikumwambia mtu. Mtoto hasemi mambo ambayo anaona wakubwa tayari wanayajua.

Surua iliingia mtaani kiangazi hicho, wakati wa upepo. Ilianzia nyumba za upande wa reli, ikaja na watoto waliokwenda matangani na kurudi, na kila siku tulisikia nyumba nyingine. Ndahani alianza kwa mafua na kikohozi. Wakadhani ni vumbi. Kisha macho yakavimba, yakawa yanatoka machozi na tongo, akawa hataki mwanga, analia akitolewa nje. Vipele vilianzia nyuma ya masikio vikashuka mwili mzima, na hivi havikuwa vichache. Vilikuwa vimeungana mpaka ngozi yake ikawa kama ganda la mti.

Walimlaza chumba cha ndani, dirisha likazibwa kwa gunia. Bibi alifanya yote aliyoyajua. Alimpaka dawa, akamnywesha uji mwepesi wa uwele kwa kijiko, akakataza asiogeshwe na asipewe mayai wala nyama. Macho yalipozidi kuziba, alichuma majani fulani, akayatwanga, akayachemsha, akayakamua kwenye kitambaa safi na kumdondoshea. Namwona bado akiyapuliza yale maji kwanza yapoe, yasimchome. Hakuna aliyempenda Ndahani kuliko yule mwanamke, na mikono yake ndiyo iliyodondosha.

Ndahani aliniita. Aliniita tangu siku ya kwanza ya ugonjwa, wakati bado anaona. Sauti ilikuwa imekauka kwa kikohozi lakini niliisikia hadi nje: Dada. Mama aliniambia niende nikakae naye, atulie. Nilifika mlangoni mwa chumba nikasimama. Ndani palikuwa na harufu ya majani na jasho, na giza, na katikati ya giza macho yake mawili mekundu yakitafuta. Nikaukumbuka mkono wangu. Nilikuwa na hakika kwamba yale yaliyompata yametoka kwangu, kwamba kila usiku tulipolala mkeka mmoja ilikuwa inavuja kidogo kidogo ikimwingia, na kwamba nikikaribia tena itammaliza. Nikageuka nikakimbia. Siku zote zile nilikaa nyuma ya nyumba, mkono wangu nimeuficha ndani ya gauni, nimeubana na ubavu. Mama alidhani naogopa ugonjwa. Alinigombeza mara moja, kisha akaniacha kwa sababu hakuwa na nguvu za watoto wawili.

Alipoanza kuhema kwa shida, Mama hakumuuliza Bibi tena. Alimfunga mgongoni akatoka jua likiwa utosini, jirani mwenye baiskeli akamkuta njiani akawabeba hadi hospitali mjini. Walikaa huko muda mrefu. Mimi na Bibi tulibaki, tukipika ugali mdogo. Asubuhi moja nilimkuta ameketi pale alipozoea kutwangia yale majani, kinu kimelala ubavu, akiutazama mchi kana kwamba umemwambia jambo. Aliniona, akaniita nimletee maji ya kunywa.

Ndahani alirudi hai. Kifua kilikuwa kimepona, vipele vimekauka, ngozi inabanduka. Amekonda mpaka kichwa kikaonekana kikubwa zaidi. Mama alimkalisha mkekani uani, juani, na Bibi akaenda kumletea maziwa, akaweka kikombe mbele yake akamwambia kunywa. Ndahani alipeleka mkono. Mkono ulipita pembeni ya kikombe, ukashika hewa, ukarudi, ukapapasa mkeka. Juu ya mboni zake palikuwa na weupe kama ute wa yai lililoiva. Bibi alimtazama Mama. Mama alikuwa anajua tayari, alikuja na jambo hilo njia nzima, na hakuwa amepata namna ya kulisema. Alisema tu, "Mshikishe, Mama."

Daktari alikuwa amemwambia kwamba surua yenyewe hupofusha watoto, hasa waliodhoofu, na kwamba maji ya majani nayo yangeweza kuwa yameongeza. Kipi kilifanya nini hakuna aliyeweza kutenganisha. Bibi hakuhitaji kutenganishiwa. Alilichukua lote akalibeba mwenyewe mpaka alipokufa.

Nesi Felista alikuja nyumbani. Walikuwa wanapita kwenye nyumba zilizopata surua, kuangalia ambao bado hawajachanjwa. Alimwona Ndahani mkekani, akapiga magoti, akamfunua kope kwa kidole gumba, taratibu, akamrudishia. Akamuuliza Mama mbona huyu hakuletwa. Mama akamweleza yote, kuhusu mafua yale mepesi, kuhusu homa yangu na vipele, kuhusu mlango uliofungwa. Aliongea bila kupandisha sauti, kama anayesimulia habari za nyumba nyingine. Nesi akasikiliza, na nikamwona anavyobadilika uso.

"Homa ile ni ya kawaida," akasema. "Huja, inaondoka. Siyo surua."

Mama akamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Mama Seche, nilidhani unajua."

"Ningejulia wapi?"

Nesi Felista alibaki amepiga magoti pale vumbini na gauni lake jeupe. Naye alikuwa na foleni siku ile, alikuwa peke yake, barafu inayeyuka kwenye kiboksi. Sasa ninayaelewa hayo. Mama pia aliyaelewa, nadhani, kwa sababu hakumfukuza. Alikwenda akamletea kigoda.

Baba alirudi mwaka uliofuata bila jiwe lolote, akiwa na kikohozi tu. Alimbeba Ndahani akazunguka naye uani jioni nzima akimtajia vitu: hii ni nyumba, hili ni pipa, hii ni baiskeli, shika kengele. Baadaye Mama akapata mtoto mwingine wa kike, Nyemo. Umri wake wa chanjo ya surua ulipofika, tulidhani Mama ndiye atakayempeleka. Asubuhi hiyo Bibi alitoka chumbani amevaa khanga zake mpya, akamchukua mtoto kutoka kwenye mikono ya Mama, akamfunga mgongoni. Akasema twende sote. Mama alibeba kadi ya kliniki, mimi nikamshika mkono Ndahani.

Foleni ilikuwa ndefu kama siku ile. Tulipofika mbele, Nesi Felista alimtambua Bibi, akanyoosha mikono kumpokea mtoto. Bibi hakumtoa.

"Kaa chini kwanza, mwanangu, unieleze," akamwambia. "Atachemka siku gani? Nimfanye nini akichemka? Nataka kujua sasa, kabla hujamchoma."

Nesi akatazama watu nyuma yetu, akasema wengi wanasubiri.

"Wasubiri," akasema Bibi. "Na wao wasikie."

Nesi Felista akaliweka bomba la sindano kwenye trei, akakaa. Akaanza kumweleza Bibi, kisha kidogo kidogo akapaza sauti, na benchi zima likanyamaza. Alisema paja au mkono utauma siku moja mbili. Alisema wengine watachemka baada ya kama wiki, siyo leo, na wachache watatoka vipele, na hiyo ni kazi ya chanjo, mtu asishtuke akakimbilia majani. Mwogesheni, mnyonyesheni, mpeni maji. Akishindwa kunyonya, akipata degedege, akihema vibaya, mleteni hapa hata kama ni Jumapili. Mafua mepesi hayamzuii mtoto kuchanjwa, mleteni tuamue sisi. Macho msitie kitu chochote kisichotoka hospitali. Mama mmoja kijana akauliza kama vile vipele vya chanjo vinaambukiza wenzake ndani ya nyumba. Nesi akasema hapana, haviambukizi mtu, mtoto aliyechanjwa anaweza kulala na wenzake kama kawaida.

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Nikajikuta nimekaa chini, juu ya sakafu ya saruji. Ndahani akavutwa akakaa nami, akaniuliza kwa nini tumekaa. Niliutazama mkono wangu wa kushoto kama ni wa mtu mwingine. Ulikuwa mkono mtupu wakati wote.

Bibi aliuliza mengine mengi, mengine aliyarudia mara mbili. Aliposhiba, akamtoa Nyemo mgongoni akamshika mwenyewe akichomwa. Wiki ile mtoto alipochemka, Bibi hakulia wala kutembea uani. Alimkalisha mapajani, akamfuta kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, akamwambia Mama, "Ndiyo hii aliyoisema." Asubuhi homa ikaisha. Alikwenda nyuma ya nyumba, na nilimsikia huko akilia kwa Kigogo, akimtaja Ndahani.

Ndahani alipelekwa shule ya wasioona, akasoma vizuri kunishinda, akawa mwalimu. Anaishi Nzuguni na mkewe na watoto wake, wote wamechanjwa. Tulikuwa hatujawahi kuyazungumza mambo haya hadi Mama alipofariki. Baada ya mazishi watu walipopungua, tulikaa sisi wawili kwenye viti vya plastiki vilivyokodiwa, tukisubiri walioazima sufuria wazirudishe. Akaniambia kwamba sura ya Mama anayo. Hajui kama ni yenyewe au ameitengeneza, lakini anayo, ya Mama akiwa kijana, amejifunga khanga kichwani. Ya Bibi anayo pia, hasa pua.

"Yako sina," akasema. "Nimeitafuta sana. Niliumwa nikakuita, hukuja."

Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayetaja kitu kilichopotea wakati wa kuhama. Nikamweleza basi habari ya mkono, mkeka wetu, nyuma ya nyumba, na siku nilipokaa sakafuni zahanati. Nilipomaliza aligeuzia uso upande upepo ulikotoka. Kisha akaupapasa mkono wangu wa kushoto kuanzia kiwiko kwenda juu, mpaka begani, akauacha.

"Niambie ulikuwaje," akasema.

Nikamwambia. Mwembamba, miguu mirefu, nywele zimenyolewa kwa sababu ya mapunye, pengo mbele ambalo Bibi alilicheka. Nimevaa gauni la mtumba lenye maua, kubwa, mabega yananianguka kila wakati.

"Gauni la rangi gani?"

Nilifungua mdomo nikakuta sikumbuki. Nilijitahidi kuliona, nikaona vumbi tu, na mabega yanayoanguka. Mkewe aliwahi kuniambia kwamba katika rangi zote, anayoikumbuka Ndahani kwa hakika ni moja, nyekundu.

"Jekundu," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama aliyeliona.